Imperata, nyasi yenye mizizi ya mkuki: namna ya kuitambua na kuiondoa shambani

Familia inarudi kijijini baada ya miezi au miaka ya kukimbia vita. Shamba la muhogo halionekani tena. Limefunikwa na nyasi ndefu, zilizosimama wima, zenye kukata mikono. Pesa ya kulipa vibarua hakuna, mvua iko karibu, watoto wanataka kula. Basi mtu anawasha kiberiti. Jioni shamba ni jeusi na safi, kila mtu anafurahi. Siku chache tu zikipita, majani mapya yanachomoza kama sindano, mengi kuliko yale ya kwanza.

Nyasi hiyo, mara nyingi, ni imperata. Wakulima wengi wa mashariki wanaijua kwa macho: wa bonde la Ruzizi, wa Fizi, wa Beni na Lubero, wa Ituri, wa Maniema, wa Tanganyika. Kila eneo lina jina lake. Tatizo ni kwamba wengi wanapambana nayo kwa njia zile zile zinazoipa nguvu. Hapa tunaeleza namna ya kuitambua, juu ya nini moto na panga haviiwezi, na njia ambazo mkulima mwenye jembe tu anaweza kuzifuata.

Imperata ni nyasi gani?

Jina lake la kitaalamu ni Imperata cylindrica. Maagronome wetu wanaiita imperata, kama katika Kifaransa. Tanzania watu wanaiita motomoto. Huku kwetu wengine wanasema tu «shiendanti», lakini jina hilo linatumiwa kwa nyasi kadhaa tofauti, na hapo ndipo kuchanganya kunaanza.

Imperata si mgeni katika Afrika. Imekuwa hapa tangu zamani, na babu zetu waliitumia kuezeka nyumba. Lakini inavamia kila mahali ambapo mtu ameifungulia mlango: pori lililokatwa na kuchomwa kila mwaka, shamba lililochoka, shamba lililoachwa. Katika nchi ambamo ililetwa kutoka nje ni balaa kubwa zaidi. Kule Marekani iliingia mwaka 1912 kupitia mji wa Grand Bay, jimbo la Alabama, ndani ya nyasi kavu zilizotumiwa kufunga miche ya machungwa kutoka Japani. Leo imesambaa katika majimbo mengi ya kusini mwa nchi hiyo. Muungano wa kimataifa wa kulinda mazingira, IUCN, umeiweka katika orodha ya viumbe 100 vamizi vibaya kuliko vyote duniani.

Namna ya kuitambua

Usitazame majani ya mbali tu. Ingia shambani, ng'oa moja pamoja na mizizi yake, kisha angalia mambo haya manne.

*Jani.* Linatoka chini moja kwa moja, halina shina ndefu linaloonekana. Linasimama wima kama upanga. Upana wake ni karibu sentimita 1 hadi 2, na urefu unaweza kupita mita 1. Katikati ya jani kuna mstari mweupe, lakini mstari huo hauko katikati kabisa: umekaa pembeni kidogo. Hiyo ni alama nzuri sana. Pitisha kidole polepole pembeni mwa jani kutoka juu kwenda chini: linakwaruza kama msumeno mdogo.

*Ua.* Ni jeupe, laini kama pamba, lenye umbo la mkia wa sentimita 10 hadi 20. Upepo ukipiga, mbegu zinaruka mbali. Mmea mmoja unaweza kutoa mbegu hadi 3 000. Imperata inapenda kutoa maua baada ya kuumizwa: ikichomwa, ikikatwa, au ikiliwa na ng'ombe.

*Mizizi.* Kile tunachoita mizizi ni shina linalotembea chini ya udongo. Ni jeupe, gumu, lina vifundo vifundo kama muwa mdogo, na ukilitafuna lina utamu kidogo. Ncha yake ni kali kama mkuki. Ukiona muhogo au kiazi kilichotobolewa na kitu cheupe chenye ncha, umepata mwizi.

*Namna inavyokaa.* Inaanza kwa kiraka cha mviringo. Kila mwaka kiraka kinapanuka, kisha viraka vinakutana na shamba lote linafungwa.

Usiichanganye na hizi

Nyasi ile wanayoiita urwiri kwa Kinyarwanda na Kirundi (Digitaria abyssinica) inatambaa chini, majani yake ni mafupi na laini, mizizi yake ni membamba kama uzi, na ua lake linagawanyika kama vidole. Nayo ni mbaya, lakini haina ua la pamba wala jani la upanga. Nyasi fupi ya viwanja vya mpira na njia za miguu (Cynodon dactylon) nayo inatambaa na ua lake ni kama vidole vya mkono mmoja. Matete yana shina nene linaloonekana na yanakua marefu kuliko mtu.

Juu ya nini tofauti hii ni muhimu? Kwa sababu kila moja ina udhaifu wake. Udhaifu mkubwa wa imperata ni huu: haivumilii kivuli. Njia karibu zote tutakazozitaja zinasimama juu ya neno hilo moja.

Juu ya nini moto na panga haviimalizi

Zaidi ya nusu ya uzito wa imperata iko chini ya udongo, sehemu kubwa katika sentimita 20 za juu. Moto unapita haraka juu, unakula majani, lakini udongo unalinda mizizi. Moto huo huo unaua miti midogo na mimea mingine ambayo ingeweza kuitilia imperata kivuli. Mwishowe imperata inabaki peke yake, na jua lote ni lake. Kwa hiyo pori linalochomwa kila mwaka linageuka polepole kuwa imperata tupu.

Tena, majani ya imperata yanawaka hata yakiwa mabichi. Moto uliowashwa kwa nia ya kusafisha shamba moja unaweza kuvuka mpaka na kula kakao au kahawa ya jirani, hata nyumba. Kesi za namna hiyo zinagombanisha familia miaka.

Panga nalo linakata kichwa tu. Mizizi ina chakula cha akiba, inasukuma majani mapya. Ukikata mara moja na kuondoka, umepoteza siku yako. Kulima mara moja kwa jembe kunaweza kuwa kubaya zaidi: jembe linakata mizizi vipande vipande, na kipande kidogo chenye kifundo kimoja kinaweza kuota mmea mzima.

Hasara yake

Imperata inanyang'anya mahindi, maharagi na mpunga maji na mbolea. Inatoboa muhogo na viazi, na pale palipotobolewa ndipo uozo unaingia. Inakula siku za kazi za akina mama, ambao mara nyingi ndio wanaopalilia. Na inafanya watu wahame: familia inaliacha shamba lililofungwa na kwenda kukata pori jipya. Pori hilo nalo likichomwa mara kwa mara, imperata inafuata.

Njia ya 1: Usiilete mwenyewe

Imperata inasafiri pamoja na mtu. Miche ya migomba iliyotoka shamba lenye imperata inaweza kubeba vipande vya mizizi ndani ya udongo wake. Kung'uta udongo na kagua kabla ya kupanda. Safisha jembe kabla ya kutoka shamba moja kwenda lingine. Ukitandaza nyasi kavu chini ya migomba au kahawa, hakikisha zimekatwa kabla ya kutoa maua. Zikiwa zimekwisha kuchanua, unasambaza mbegu kwa mikono yako.

Njia ya 2: Kiraka kidogo, kichimbe

Kiraka chenye ukubwa wa chumba au nyumba ndogo kinamalizwa kwa jembe, kama kazi inafanywa kwa utaratibu.

Chagua wiki za jua. Kivu Kusini na Tanganyika, mwezi wa sita hadi wa nane ni wakati mzuri. Beni na Ituri jua ni fupi zaidi, mara nyingi karibu na mwezi wa kwanza na wa pili. Anza kuchimba hatua moja nje ya kiraka, kisha elekea katikati, kwa sababu mizizi imekwisha kupita mpaka unaouona. Inua udongo kwa uma wa shamba kama unao, au kwa jembe la meno. Vyombo hivyo vinavuta mizizi bila kuikatakata.

Kusanya kila kipande. Usikiache pembeni mwa shamba na usikitupe katika shimo la mbolea kikiwa kibichi. Kianike juu ya mawe au shitingi ya zamani mpaka kikauke kabisa na kuvunjika mkononi. Rudi baada ya wiki 3 au 4 na ung'oe yale yaliyochomoza. Rudi tena. Mtu anayerudi mara tatu au nne anashinda. Anayechimba mara moja tu anashindwa.

Njia ya 3: Shamba kubwa, ilaze kisha ifunike

Kuchimba hekta nzima kwa mkono ni kazi ya kuvunja mgongo. Hapa tunatumia kivuli.

*Kulaza.* Imperata ikipita urefu wa mita 1, wakati wa mvua, chukua ubao mrefu na ufunge kamba kwenye ncha zake mbili. Shika kamba, weka mguu juu ya ubao, kandamiza nyasi zilale upande mmoja, songa mbele. Pipa zito la kuvingirisha nalo linafaa. Jani lililolazwa halikatiki, kwa hiyo mizizi haiharakishi kutoa majani mapya kama baada ya panga. Zilizolala zinatilia kivuli zile za chini. Katika Asia ya kusini-mashariki wakulima wanaitumia njia hii ili kuupa miti midogo nafasi ya kukua. Pia nyasi zilizolala haziwaki upesi kama zilizosimama.

*Kufunika.* Mmea unaojulikana zaidi kwa kazi hii ni mucuna, ndugu ya upupu. Usiogope: mucuna ya kupanda haiwashi kama upupu wa porini. Ni mmea wa jamii ya maharagi, unatambaa na kupanda juu ya nyasi mpaka unazifunika kabisa. Kusini mwa Bénin, kuanzia mwisho wa miaka ya 1980, wakulima waliojaribu mucuna kwa kurudisha rutuba waliona kwamba inaua imperata pia. Hiyo ndiyo sababu kubwa iliyofanya wengine waipokee.

Namna ya kuipanda:

- Mwanzo wa mvua, kata imperata chini kabisa au ilaze.
- Panda mbegu 2 kwa shimo, mita 1 kati ya mistari na nusu mita kati ya mashimo. Shamba la mita 50 kwa 50 linaomba karibu kilo 10 za mbegu.
- Wiki ya 3 au ya 4, pitia tena na ukate imperata inayoizidi mucuna. Mwezi wa kwanza ndio wa hatari. Ukiruka kazi hii, nyasi inashinda.
- Baada ya miezi 2 au 3 mucuna inafunga shamba. Iache mpaka ikomae na kukauka yenyewe.
- Usichome! Majani yake makavu ni mbolea na ni blanketi. Fungua mashimo ndani yake na upande mahindi moja kwa moja.

Msimu mmoja unaipunguza sana imperata, lakini si lazima uimalize. Shamba lililofungwa kwa miaka linaweza kuomba misimu miwili.

Angalisho: mbegu za mucuna si maharagi ya kula. Zina kitu kinachoitwa L-dopa, kinachoweza kuleta kutapika, kizunguzungu na kuchanganyikiwa. Ziweke mbali na chakula na uwaambie watoto. Pia mucuna inapenda joto. Katika milima ya juu ya Kivu inakua polepole, na huko viazi vitamu vilivyopandwa karibu karibu vinaweza kusaidia kufunika, mradi mizizi imechimbwa kwanza.

Lakini familia itakula nini?

Swali hili ni la haki. Mucuna peke yake inachukua shamba karibu mwaka mzima. Kwa hiyo usipande shamba lote. Likate vipande vitatu: kimoja kipe mucuna, viwili endelea kulima. Mwaka unaofuata badilisha.

Njia nyingine ni kuchanganya na mahindi. Panda mahindi katika sezoni A, mwezi wa tisa. Palilia vizuri, kisha panda mucuna kati ya mistari siku 40 hadi 45 baada ya mahindi. Ukiitanguliza, itapanda juu ya mahindi na kuyaangusha. Ukivuna mahindi, mucuna inabaki shambani na kuendelea na kazi.

Njia ya 4: Kivuli cha kudumu

Kakao, kahawa, migomba na miti, vikikua na kufunga kivuli, vinaikosesha imperata jua. Katika shamba la kakao la Beni au Mambasa lililokwisha kufunga, ni shida kuikuta. Hatari iko katika miaka ya kwanza, wakati miche ni midogo na jua linafika chini. Katika miaka hiyo safisha mduara wa mita 1 kuzunguka kila mche, na kati ya mistari weka mmea wa kufunika. Fungua pia njia ya kuzuia moto pembeni mwa shamba: ukanda mtupu wa mita kadhaa, unaosafishwa kabla ya jua kali.

Njia ya 5: Dawa za kuua majani

Sokoni watu wanauza dawa nyingi. Inayofika hadi mizizi ya imperata ni ile yenye glyphosate, kwa sababu inaingia kupitia jani na kushuka chini. Inafanya kazi juu ya majani mabichi yanayokua, si juu ya majani makavu, na mvua ikinyesha saa chache baada ya kupuliza, inaoshwa. Hata hivyo mara moja haitoshi sikuzote.

Kabla ya kununua, ujue mambo haya. Mwaka 2015 shirika la utafiti wa kansa la Umoja wa Mataifa, IARC, liliiweka glyphosate katika kundi la vitu ambavyo huenda vinaleta kansa kwa mtu. Taasisi nyingine hazikukubaliana nalo. Wewe jilinde: bote, mikono mirefu, glavu, kitambaa puani, na usipulize wakati wa upepo wala karibu na mto au chemchemi. Bidoni tupu isitumiwe kamwe kwa maji, mafuta au kasiksi. Itoboe.

Na dawa yenye jina paraquat, iache. Inachoma majani tu, mizizi inabaki. Ni sumu kali: kiasi kidogo kikimezwa kinaweza kuua, na hakuna dawa ya kuipinga. Umoja wa Ulaya uliifuta mwaka 2007. Dawa iliyopimiwa katika chupa ya soda, bila karatasi ya maelezo, usiinunue hata kama bei ni ndogo.

Na kama shamba si lako?

Wengi wanalima shamba la kukodi. Katika sehemu za Kivu Kusini mapatano ya bwasa ni ya muda mfupi, na kwa kawaida hayaruhusu kupanda miti wala mimea ya kudumu. Nani atapoteza mwaka kusafisha shamba ambalo kesho litarudishwa kwa mwenyewe? Ndiyo maana mashamba ya bwasa yanachomwa kila mwaka, na imperata inashangilia.

Zungumza na mwenye shamba kabla ya kuanza. Mueleze kwamba shamba lililofungwa na imperata halina thamani kwake pia. Omba misimu mitatu au minne badala ya mmoja, au upunguziwe malipo katika mwaka wa mucuna. Mapatano yaandikwe, tarehe iwekwe, na mashahidi wawili watie sahihi mbele ya mkubwa wa kijiji.

Kazi yenyewe ni nyepesi zaidi mkiwa wengi. Kikundi cha watu kumi, wakifanya salongo na kuzunguka kila juma kwenye shamba la mmoja wao, wanalaza au kuchimba kwa asubuhi moja kazi ambayo mtu mmoja angeifanya kwa wiki mbili. Na mkipatana kijiji kizima kutochoma, mnazuia moto wa jirani kurudisha kazi yenu nyuma.

Maswali ambayo watu wanauliza mara nyingi

*Imperata ni alama kwamba udongo umekufa?* Hapana. Mara nyingi ni alama kwamba udongo umechomwa na kulimwa bila kupumzika. Imperata inaota pia kwenye udongo mzuri. Mucuna na majani makavu vinarudisha rutuba.

*Ng'ombe na mbuzi wanaweza kuimaliza?* Wanakula majani machanga tu. Yakikomaa yanakuwa magumu na wanayaacha.

*Tunaezekea nyumba. Tuimalize yote?* Si lazima. Acha kipande mbali na mashamba, ukikate kwa zamu kabla ya maua, na uzungushie njia ya moto.

*Nianzie wapi kesho asubuhi?* Tembea shambani na vijiti. Kila kiraka cha mviringo, chomeka kijiti. Vidogo ndivyo vya kwanza kuchimbwa, kwa sababu hivyo unaweza kuvimaliza mwaka huu. Kile kikubwa kilichofunga shamba, anza na theluthi moja. Kuhusu mbegu za mucuna, uliza agronome wa sekta yako au ofisi ya kilimo ya teritware. Kivu Kusini kuna pia kituo cha utafiti cha INERA kule Mulungu. Nusu kilo ya mbegu inatosha kwa kipande cha mita 10 kwa 10, na kipande hicho kikikomaa kitakupa mbegu za kupanda sehemu kubwa zaidi, na za kumgawia jirani.